Somo: Kuweka Windows 11 kwenye kompyuta mpya na kuitumia tena diski ya laptopu iliyokufa

Somo hili ni la mwenye kompyuta mpya ya mezani yenye SSD ya M.2 (diski ya kisasa yenye umbo la kadi ndogo) isiyo na kitu, tuseme ya GB 256, na pembeni ana diski ya inchi 2.5 aliyoitoa kwenye laptopu iliyoungua mazabodi (motherboard). Windows itakaa kwenye SSD, diski ya zamani itakuwa ghala la mafaili. Wengi huchomeka zote mbili kwa pamoja ndipo wakaanza kusakinisha. Usifanye hivyo, sababu iko hatua ya 3.

Hatua ya 1: Pima afya ya diski

Iunganishe kwenye kompyuta nyingine nzima kwa adapta ya SATA kwenda USB, ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zile zinazosubiri hukumu, C6 ni zisizosomeka kabisa. Safu ya mwisho kulia ikiwa sifuri tupu kwa zote tatu, endelea. Kumbuka programu hiyo huandika kwa heksadesimali isipobadilishwa, kwa hiyo 10 pale maana yake ni 16.

C5 ikiwa inapanda kila ukitazama, diski hiyo haifai kuwa ghala. Nakili vya muhimu siku hiyohiyo: nyaraka na picha kwanza, filamu mwisho. Ikigonga "tak, tak, tak" na kusimama, zima na usiirudie kuiwasha, maana kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwangua sahani. C7 ikipanda peke yake, mara nyingi mkosaji ni kebo. Badilisha waya kabla ya kuilaumu diski.

Hata ikiwa nzima, weka nakala ya mafaili yako mahali pengine kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Flashi

Flashi ya kusakinishia inatosha ya GB 8, kilichomo kitafutika. Itengeneze kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Ukitumia Rufus, programu nyingine ya kutengeneza flashi, chagua GPT (mfumo mpya wa kugawa diski) na UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta). Kisha ongeza folda yenye draiva za mtandao za mazabodi yako kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa sababu Windows 11 hudai intaneti wakati wa kusakinisha na kompyuta mpya mara nyingi huwa haijaitambua Wi-Fi yake. Huna draiva? Chomeka simu ya Android kwa USB ugawe data. Kwa kawaida inakubali.

Hatua ya 3: Sakinisha, diski ya zamani ikiwa nje

Diski ya zamani ikiwa na Windows, huenda ina partisheni ndogo ya EFI, ile inayobeba mafaili ya kuwashia. Kisakinishi kikiikuta, kinaweza kuitumia hiyohiyo badala ya kutengeneza mpya kwenye SSD. Kila kitu kitaonekana safi, hadi siku utakapoichomoa au kuifomati diski ya zamani: kompyuta haiwaki tena, ingawa Windows yenyewe imo salama kwenye SSD. Kwa hiyo SSD iwe peke yake.

Washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte, F9 kwa HP, F11 kwa MSI, F8 kwa mazabodi za Asus. Flashi ikijitokeza mara mbili, chagua yenye neno UEFI.

Ukifika kwenye orodha ya diski, SSD mpya itasomeka "Unallocated Space". Ichague, bonyeza "Next", Windows itagawa partisheni yenyewe. Ikigoma kwa sababu diski ni ya MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski, bonyeza Shift+F10 uandike:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt

Namba 0 ni mfano tu: soma ukubwa wa diski kabla ya kuandika clean, kwani amri hiyo hufuta kila kitu na haiulizi mara mbili. Ukiandika list disk tena, nyota chini ya safu ya Gpt ni dalili kwamba imekubali.

Orodha ikiwa tupu kabisa kwenye Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu, tatizo mara nyingi huwa ni VMD, mpangilio wa Intel unaoficha diski kwa kisakinishi kisicho na draiva yake. Pakia draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi kwa "Load driver", au zima VMD ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta.

Hatua ya 4: Rudisha diski ya zamani

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Unahitaji kebo mbili: ya data kutoka mazabodi, na ya umeme, ile pana, kutoka pawa saplai. Zote zina mdomo wa umbo la L; isipoingia, igeuze, usilazimishe. Skrubu za diski ya inchi 2.5 ni M3. Zile nene za diski kubwa zitaharibu nyuzi zake.

Isipoonekana, soma kitabu cha mazabodi: baadhi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale M.2 inapotumika. Ikionekana bila herufi, ipe herufi kwenye Disk Management. Kidirisha kikikuomba "Initialize" au kufomati, kataa, data ingalimo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nilishasakinisha zikiwa zote mbili. Nikitoa ya zamani haiwaki. Nianze upya?*

Hapana, ndugu. Rudisha zote mbili, washa, fungua Command Prompt kama msimamizi. Ndani ya diskpart: list disk kuhakikisha SSD ina nyota ya Gpt, halafu select volume c, shrink desired=300, create partition efi size=260, format quick fs=fat32, assign letter=s, exit. Kisha: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Zima, toa ya zamani, ujaribu.

*Diski yangu ina alama ya kufuli na inadai namba ndefu.*

Ni BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Ufunguo una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika katika laptopu ile. Bila ufunguo mafaili hayatoki. Usilipe mtu anayekuahidi kuivunja.

*Naingia folda ya Users ya zamani, inaniambia sina ruhusa.*

Bonyeza "Continue" usubiri. Folda ikiwa na maelfu ya mafaili inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiifunge njiani.

*Mashine yangu ni ya mtumba, Intel kizazi cha 6. Itafaa?*

Kwa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 na inataka TPM 2.0, chipu ya usalama. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint au Ubuntu, mpangilio ni uleule, ila flashi itengeneze kwa Rufus. Ndani ya Linux, diski ya zamani ikisomeka bila kukubali kuandikwa, huenda Windows yake haikuzimwa vizuri. Iunganishe kwenye kompyuta yenye Windows, endesha chkdsk /f kwa herufi yake, kisha itoe kwa utaratibu.