Kisukari na upungufu wa homoni ya thairoidi: jinsi ya kuyaendesha pamoja

Kwenye kliniki ya kisukari ninakofanya kazi, swali hili halikauki: "Chakula ni kilekile, dawa sijaruka hata siku moja, mbona sukari imepanda?" Ukichunguza, unakuta mtu ameanzishiwa dawa ya thairoidi karibuni, na hakuna aliyemwambia kwamba itagusa sukari yake.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ikipungukiwa homoni, mwili wote hupunguza mwendo. Utumbo hunyonya sukari polepole, ini hutengeneza sukari kidogo, na insulini hukawia kuondoka kwenye damu, kwa hiyo sukari hushuka kirahisi. Homoni ikirudishwa kwa dawa, mambo hugeuka na mahitaji ya insulini yanaweza kupanda. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanza na kidonge cha tezi, halafu sukari.

Hatua ya 1: Kipe kidonge nafasi yake

Levothairoksini, yaani kidonge kinachorudisha homoni ya thairoidi, humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa nayo isubiri, kwa sababu huzuia dawa isinyonywe vizuri. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia vipishane nacho kwa masaa 4. Metfomini, kidonge cha kisukari, haina ugomvi hapa, kwani humezwa pamoja na chakula.

Wanaochoma insulini ya mlo wawe makini zaidi. Usichome unapomeza kidonge ukaanza kusubiri. Ndani ya saa hiyo sukari inaweza kuanguka ukiwa hujala kitu. Meza, subiri, kisha choma wakati chakula kiko tayari, kama ulivyoelekezwa.

Je, ukiamka sukari iko chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL)? Kidonge kiache kwanza. Pata gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, pima tena baada ya dakika 15, na rudia kama bado iko chini. Levothairoksini hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo kuichelewesha siku moja hakuna madhara. Wenye asubuhi za vurugu wanaweza kuzungumza na daktari wahamie usiku, angalau masaa 3 baada ya mlo wa mwisho. Mimi napendelea saa moja isiyobadilika kuliko saa "bora" ambayo mtu hawezi kuifuata.

Hatua ya 2: Andika tarehe dozi inapobadilika

Iandike kwenye daftari lilelile la sukari. TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi ya tezi inatosha, hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu inachukua muda kutulia. Katika wiki hizo pima sukari mara nyingi kuliko kawaida yako: ukiamka, kabla ya milo, kabla ya kulala. Ukiona inapanda au kushuka kwa siku kadhaa mfululizo, peleka daftari kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, kama glibenklamidi na gliklazaidi, asingoje tarehe ya miadi. Na ikiwezekana, dawa mbili zisibadilishwe kwa wakati mmoja. Baadaye hutajua ipi imefanya nini.

Hatua ya 3: Usisome HbA1c peke yake

HbA1c ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Upungufu wa homoni ya thairoidi usiotibiwa hupunguza utengenezaji wa chembe nyekundu mpya za damu. Zilizomo kwenye damu huwa zimezeeka na zimebeba sukari zaidi, hivyo HbA1c inaweza kuonekana juu kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma hufanya vivyo hivyo. Kama kipimo hicho hakilingani na namba za mashine yako ya nyumbani, sema kabla dozi ya kisukari haijaongezwa.

Hatua ya 4: Dalili, zipime

Uchovu, kunenepa na choo kigumu vinaweza kutokana na tezi. Kutetemeka na moyo kwenda mbio? Pima sukari papo hapo. Ikiwa iko sawa na hali inajirudia, huenda dozi ya tezi imezidi.

Hatua ya 5: Vipimo vya kuulizia

Mwenye kisukari cha aina ya 1 apimwe TSH mapema baada ya kugundulika, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Kolesteroli mara nyingi hushuka tezi ikitibiwa, kwa hiyo ni vizuri ipimwe upya. Unatumia vidonge vya bayotini kwa ajili ya nywele au kucha? Viache siku 2 kabla ya kupima, huvuruga majibu. Ukipata ujauzito, toa taarifa mara moja, maana dozi ya tezi kwa kawaida huhitaji kuongezwa.

Kuna jambo moja la dharura kwa wa aina ya 1. Sukari ikishuka mara kwa mara bila sababu, ukakonda, ukawa unapata kizunguzungu ukisimama, omba tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zichunguzwe kabla ya kuanza levothairoksini au kuongeza dozi. Zikiwa hazitoi homoni za kutosha, dawa ya thairoidi inaweza kukuangusha vibaya.