SOMO: Namba gani uipe laibrari yako kama unazozitegemea bado hazijatulia

Habari wakuu, mwaka jana nilijifanya nimekomaa nikatoa 1.0.0 ya laibrari yangu ya Rust (lugha ya programu), huku chini imekalia laibrari za wengine za 0.x (namba zinazoanza na 0, bado hazijatulia), kila zikibadilika navunja watu napandisha namba ya kwanza, miezi mitano tu nishafika 4.0.0 na watu wamenichoka. Sasa fanya hivi.

1. Usianze na namba. Fungua Cargo.toml (faili la Cargo, kifaa cha Rust cha kuvuta laibrari, lina orodha ya unazozitegemea), kila dipendensi ya 0.x jiulize, je taipu zake (aina za data) zinatokeza kwenye fankisheni zangu za pub, yaani zilizo wazi kwa watumiaji? Hapo ndo penye shughuli yote, maana kama unarudisha taipu ya mwenzio, siku ukihama 0.8 yake kwenda 0.9 na mteja wako bado yuko 0.8, kompaila inaona taipu mbili tofauti hata kama jina ni lile lile, kwa hiyo umewavunjia watu na hujagusa mstari wako hata mmoja.

2. Zinazotokeza zifunike, weka struct yako (taipu unayoiunda mwenyewe), ya mwenzio ikae ndani bila pub. Na taipu za era (error, za kuripoti makosa) pia jamani! Mimi zilinivujia huko.

3. Imeshindikana kufunika? Baki 0.x wala usione aibu. SemVer (utaratibu wa kupanga namba za matoleo) inasema kwenye 0.y.z chochote kinaweza kubadilika, ila Cargo inaangalia namba ya katikati, ukiandika "0.2.3" itapokea 0.2.4 lakini 0.3.0 haiigusi. Ukivunja kitu pandisha ya katikati.

4. Namba za tarehe kama Ubuntu 24.04 ziache, zinasema umetoa lini, hazisemi umevunja nini.

MASWALI

Mkuu mi natumia npm (ya JavaScript), ni hivo hivo?
Ndio, ^0.2.3 haivuki kwenda 0.3.0. Ila ^0.0.3 inakubali 0.0.3 peke yake, wengi wanashangaga hapo.

Si nifunge tu =0.8.5 yaishe?
Kwa aplikesheni haina neno, ingawa Cargo.lock (faili linaloshika toleo kamili la kila dipendensi) inakufanyia hiyo kazi tayari. Kwa laibrari utakwamisha watu, laibrari nyingine kwenye mradi ule ule ikitaka 0.8.6 Cargo inagoma kabisa.

Nishatoa 1.0.0 kaka, naweza kurudi 0.9?
Hairudi hiyo. Hata uki-yank (kuizuia isichukuliwe na miradi mipya), wenye Cargo.lock ya zamani wanaendelea kuivuta kama kawa. Funika kwanza, ndo utoe 2.0.0.