Saa kama simu ya upepo: kuunganisha duka na stoo kwa Apple Watch

Duka liko Barabara ya Saba hapa Tanga, stoo iko Makorora. Mteja akitaka gunia zima la sukari, mtu anapiga simu, anasubiri ipokelewe, kisha anasema sentensi moja tu. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoifaa programu ya Walkie-Talkie ya Apple Watch: unabonyeza, unasema, unaachia.

Kama mmoja wenu ana Android, acheni hapa hapa mkasakinishe programu ya Zello kwenye simu. Inaelewana na aina zote mbili, na sauti inabaki ili mtu aisikilize baadaye. Walkie-Talkie ya Apple haihifadhi neno: lisiposikika limepotea.

Hatua ya 1: Vifaa

Apple Watch Series 1 au mpya zaidi (ile ya kwanza ya 2015 haimo), watchOS (mfumo wa saa) 5.3 kwenda juu, na iPhone yenye iOS (mfumo wa simu) 12.4 kwenda juu. Pande zote mbili. Msibaki kwenye toleo la nyuma: Julai 2019 Apple iliizima huduma hii kwa muda kwa sababu ya kasoro iliyoweza kumwezesha mtu kusikiliza iPhone ya mwenzake bila ridhaa, na matoleo hayo ndiyo yaliyoirudisha. Huduma haipo katika kila nchi, lakini alama yake ya njano isipoonekana kwenye saa, itafute kwanza kwenye App Store. Mara nyingine ilifutwa tu.

Hatua ya 2: FaceTime iwake kweli

Hapa ndipo siku nzima inapoishia. Sauti ya Walkie-Talkie inapita kwenye FaceTime, huduma ya Apple ya kupigiana simu kwa intaneti, kwa hiyo namba yako isipokubalika huko, utahangaika na saa bure.

Ukiwasha FaceTime kwenye setingi za iPhone (kuanzia iOS 18 iko ndani ya orodha ya programu), simu inatuma SMS ya kimyakimya kwenda nje ya nchi kuthibitisha namba. Huioni kwenye ujumbe uliotumwa. SMS za bando kwa kawaida ni za ndani, hivyo mtu ana SMS kibao na salio sifuri, na FaceTime imeganda kwenye kusubiri. Weka salio la kawaida, usiliungie bando, ndipo uwashe.

Kwenye simu ya laini mbili, salio liwe kwenye laini unayoisajili, si ile ya intaneti. Tarehe na majira ya saa viwe vya kujiweka vyenyewe. Simu ambayo saa yake imerudishwa nyuma dakika kadhaa kwa mkono inaweza kukataliwa. Halafu subiri. Apple wenyewe wanasema inaweza kuchukua hadi saa 24, na kuzima na kuwasha kila baada ya dakika tano kunaweza kutuma SMS nyingine na kula salio. Ikigoma kabisa, tumia barua pepe ya akaunti yako ya Apple, ila mwenzako lazima aihifadhi barua pepe hiyo hiyo kwenye jina lako. Namba nazo zihifadhiwe kwa +255, si kwa 0.

Kipimo ni kimoja: pigianeni FaceTime ya sauti kwa iPhone. Isipopita, msiiguse saa.

Hatua ya 3: Mwaliko

Fungua Walkie-Talkie kwenye saa, ongeza jina. Kadi itakuwa ya kijivu mpaka mwenzako akubali, kisha inageuka njano. Taarifa ikimpita, mwaliko anaukuta ndani ya programu yenyewe.

Hatua ya 4: Kuongea

Gusa kadi, bonyeza duara la njano na ushikilie. Ukiona saa bado inaunganisha, nyamaza. Wengi wanasema papo hapo na silabi za mwanzo zinakatwa: “Leta magunia sita” inafika “…gunia sita”, na kijana wa stoo hajui alete au ahesabu. Anza kwa neno la kupoteza: “Mjomba, mjomba, leta magunia sita.” Naye ajibu kwa kurudia: “Sita, shangazi, nayaleta.”

Mwenye mikono yenye unga au samaki awashe chaguo la kugusa mara moja badala ya kushikilia. Liko kwenye programu ya Watch ya iPhone, sehemu ya ufikivu. Sauti inaongezwa kwa kuzungusha kinobu cha pembeni. Bei ya jumla usiitaje humo: spika ya saa haichagui msikilizaji, na mteja yuko mbele yako.

Hatua ya 5: Mtandao

Saa isiyo na laini yake inategemea iPhone kwa Bluetooth, na kuta nene zinaikata mapema. Dawa ni Wi-Fi ambayo iPhone ilishawahi kuingia. Kabla ya Series 6 saa zinaona Wi-Fi ya masafa ya GHz 2.4 pekee, kwa hiyo ruta isiwe ya GHz 5 tu. Wi-Fi ya kuingia kwa ukurasa wa nenosiri haifai.

Hatua ya 6: Kuzima

Kuweka saa kimya hakutoshi, sauti ya mwenzako bado itatoka. Kabla ya kuingia msikitini Ijumaa, zima swichi iliyo juu ndani ya Walkie-Talkie.

Kwa wanaofanya kazi mwaloni Deep Sea: sauti ikianza kusikika kama mtu amefunikwa blanketi, ni maji ndani ya spika. Suuza saa kwa maji yasiyo na chumvi, washa kifungo cha maji (alama ya tone), kisha zungusha kinobu, au kwenye matoleo mapya kishikilie, saa itoe maji kwa mlio. Hii ni kwa Series 2 kwenda juu. Series 1 isikaribie maji.