Kabla hujabandika sponji mpya kwenye spika ya zamani

Badilishanisha nyaya za kulia na kushoto kwenye amplifaya. Ubovu ukihamia spika ya pili, spika zako ni nzima.

Bisibisi ikingie kiganja unapofungua skrubu. Sumaku huivuta ghafla ikatoboa koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti.

Tenga wufa (spika ya besi) na nyaya zake, kisha pima om kwa mita. Ya om 8 husoma kama 6 hivi, ya om 4 kama 3 na kidogo. Mita isiposoma, usiseme koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua: tikisa ule waya laini wa kusukwa unaotoka kwenye terminali kwenda kwenye koni. Mara nyingi umekatikia hapo, na kulehemu kunatosha.

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ikiwa bubu, angalia kinachoilisha kwanza. Spika aina ya AR-3a ya Marekani ina vidhibiti viwili vya kuzungusha nyuma ya boksi, na vikishika kutu twita au midi (ya sauti za kati) hunyamaza ingali nzima.

Sasa sponji yenyewe, ile pete laini inayounganisha ukingo wa koni na fremu. Huoza hata spika isipopigwa, na kubandika mpya huonekana kazi rahisi. Hapo ndipo wengi huharibu. Spika inatoka safi, inaimba vizuri kwa sauti ndogo, halafu besi ikiingia inakwaruza. Koili inapita kwenye mwanya usiofika hata milimita moja kila upande. Gundi ikivuta koni pembeni kidogo tu, koili inasugua chuma, na waya wake huchubuka mpaka uungue. Kwa hiyo toa kikofia cha katikati kwa wembe. Chomeka vipande vinne vya filamu ya kamera kati ya koili na nguzo ya chuma, vikiachana sawasawa, mpaka koili isicheze. Gundisha sponji kwenye koni, ikauke, ndipo uigundishe kwenye fremu. Acha siku nzima. Chomoa vipande, sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, sikio likiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo wowote, bandua urudie. Kikofia ndicho cha mwisho.

Supaglu hapana, haikupi muda wa kurekebisha. Ukingo wa kitambaa uache, hauozi kama sponji. Badilisha sponji za spika zote mbili pamoja. Ukitaka kujua chanya na hasi, betri ya volti 1.5 gusisha wufa tu, kamwe si twita. Na spika nyingi za zamani za JBL, chanya ikigusa chanya, koni huingia ndani badala ya kutoka, ndivyo kiwanda kilivyozitengeneza, usigeuze nyaya. Sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) usiifungue kabisa, hupoteza nguvu ikitenganishwa na vyuma vyake.