Mambo ya kuzingatia kabla hujakaza bolti za giaboksi ya otomatiki

Giaboksi nyingi za otomatiki ambazo nimeshuhudia zikiteremshwa chini zikiwa zimeungua hazikuuawa na kilomita. Ziliingia gereji zikiwa nzima, kubadilishiwa oili na filta tu, zikatoka na bolti moja iliyokazwa vibaya. Ndiyo maana naandika haya, kwa mwenye gari anayesimama pembeni kumwangalia fundi, na kwa kijana anayejifunza ufundi kwenye magari ya watu. Nitazungumzia zaidi Toyota ndogo, kina IST, Vitz, Allion na Premio, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu.

Ya msingi nayapitia haraka. Gari lisimame kwenye sakafu ya tambarare, juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Oili sahihi, gasketi mpya na washa mpya ya bolti ya kumwagia viwepo mkononi kabla hujafungua chochote. Usifungue halafu ndiyo umtume mtu Kariakoo. Osha sampo, lile bakuli la bati chini ya giaboksi linalobeba oili, na kingo zake kwa nje kwanza, maana vumbi likiingia ndani linakwenda moja kwa moja kwenye valvu. Kama kazi inagusa stata au nyaya, toa terminali hasi ya betri. Na hakikisha bolti unayoifungua ni ya giaboksi, si ya injini. Kwenye Subaru za otomatiki hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa chini kuna bolti ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa matairi), na watu wameshamwaga oili isiyo yenyewe wakaondoka na giaboksi tupu.

Sasa namba. Kila bolti ya giaboksi ina namba yake ya kukazia, na namba hiyo itafute kwenye kitabu cha ufundi cha giaboksi hiyo hiyo, si ya gari linalofanana nalo. Bolti za sampo kwenye Toyota hizi ni ndogo, uzi wake (ile mikato ya kuzungukia) ni wa milimita 6, kichwa cha spana namba 10, na kipimo chake kinacheza kati ya 5 na 8 Nm (nyuton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha bolti) kutegemea aina ya giaboksi. Watu hawajui 8 Nm ni kidogo kiasi gani. Ukishika spana yenye urefu wa sentimita 10, hiyo ni nguvu ya kuvuta mzigo wa kilo 8 hivi. Ukishika racheti ndefu ya sentimita 30, hazifiki hata kilo 3. Fundi anayeegemea racheti kwa bega anaweka mara kadhaa ya hapo na wala hahisi ametumia nguvu. Hivyo kama huna spana ya kipimo, ile unayoipangia namba nayo inalia ikiifikia, angalau tumia racheti fupi na uishike karibu na kichwa.

Angalia pia namba hiyo imeandikwa kwa kipimo gani. Vitabu vya Kijapani vya zamani hutumia kilo-sentimita, vya sasa hutumia Nm, na vya Marekani hutumia pauni. Bolti ile ile ya sampo inaweza kuandikwa 7.8 Nm, au kilo-sentimita 80, au pauni-inchi 69. Zote ni sawa. Lakini ukisoma hiyo 69 ukadhani ni pauni-futi, umezidisha mara 12, unaelekea kwenye 94 Nm, na bolti ya milimita 6 haifiki huko ikiwa nzima. Usikubali namba ya mtandaoni isiyotaja kipimo chake.

Spana yenyewe ya kipimo nayo ina masharti. Ile kubwa ya kukazia nati za matairi, inayoanzia 40 Nm, haina kazi kwenye sampo. Unahitaji ndogo, ya kuanzia kama 5 hadi 25. Vuta polepole, na ikilia mara moja, acha. Wapo wanaoivuta ilie mara tatu "kuhakikisha", na kila mlio wa ziada ni nguvu ya ziada. Ukimaliza, irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa kabla ya kuihifadhi, la sivyo springi yake inachoka na siku nyingine itakudanganya. Mashine ya upepo isiguse giaboksi wakati wa kukaza. Kufungulia bolti kubwa za nje, sawa. Kukazia, hapana.

Halafu kuna suala la sampo linalovuja, na hapa nataka tusimame kidogo.

Shemeji yangu alikuwa na Premio safi sana. Kabla ya safari ya kwenda Mbeya na watoto aliipeleka gereji moja hapa Dar, ibadilishwe oili ya giaboksi na filta. Kazi ikaisha, gari likawashwa, na baada ya muda tone la oili likaonekana kwenye kona ya sampo. Fundi akaingia chini, akakaza. Kesho yake asubuhi tone lipo pale pale. Tukarudi gereji pamoja.

"Kaza tena kidogo, fundi," shemeji akasema.

Fundi akakaza tena, bolti moja baada ya nyingine, kwa racheti ndefu. Nilikuwa nimechuchumaa namwangalia. Alipofika ile ya kona, mkono wake ukawa mwepesi ghafla, bolti ikaanza kuzunguka bila kushika. Akaitoa. Juu ya nyuzi zake kulikuwa na uzi mweupe wa alumini umejiviringisha kama springi ya kalamu. Ule haukuwa uchafu. Ulikuwa ni uzi wa shimo la giaboksi yenyewe, umeng'oka mzima mzima. Bolti ni ya chuma, bodi ya giaboksi ni alumini, na zikishindana aliye laini ndiye anayeumia. Fundi akaipaka silikoni ile bolti, akairudisha shimoni, akajaza silikoni pembeni. "Hapo haivuji tena, bosi. Safari njema."

Kweli, haikuvuja pale gereji. Giaboksi ikiwa baridi na gari limesimama, oili haina haraka. Barabarani inapata moto, inakuwa nyepesi, na gari linatikisika. Walipita Morogoro, wakapita Mikumi, wala hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi, kwa sababu Premio ile haina kipimo cha kumwambia dereva kwamba oili ya giaboksi imepungua. Kwenye kupanda Kitonga, injini ikaanza kulia juu bila gari kuongeza mwendo. Kikafuata harufu ya kuungua. Walipoteremka kuangalia, chini yote ya gari imelowa oili, na ile bolti ya kona haipo.

Kilichotokea ndani si fumbo. Oili ikipungua, pampu inaanza kunyonya hewa. Hewa haisukumi kama oili, presha inashuka, na presha ndiyo inayobana zile sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi. Zikibanwa nusunusu zinateleza, zikiteleza zinapata joto, na mlimani zenye mzigo zinaungua kwa muda mfupi sana. Gari likavutwa hadi Iringa mjini, familia ikalala huko, na giaboksi ikabidi inunuliwe nyingine ya mtumba.

Sampo ile niliichukua baadaye nikailaza juu ya kioo cha meza. Kingo zake zilikuwa mawimbi. Kila palipo na tundu la bolti, bati limebonyea kuelekea juu, na katikati ya tundu na tundu pamebaki uwazi ambao mwanga wa tochi unapita. Hapo ndipo nataka uelewe kinachofanyika: sampo la bati likikazwa kupita kiasi, bati linapinda kuelekea juu penye bolti na kuacha uwazi katikati ya bolti na bolti. Oili inatokea pale katikati. Fundi anaona inavuja, anaongeza kukaza, bati linapinda zaidi, uwazi unaongezeka. Mafuta hayazuiwi na bolti. Yanazuiwa na kingo zilizonyooka na gasketi isiyokatika. Bolti kazi yake ni kushikilia tu vikae pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kurudishia sampo, lilaze juu ya kioo au bapa lolote lililonyooka na uangalie kwa tochi. Palipobonyea pagongwe kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao hadi panyooke. Futa gasketi ya zamani yote, pande zote mbili, bila kukwangua alumini kwa bisibisi. Kama giaboksi yako inatumia gasketi ya mpira, iweke kavu; usiipake silikoni, inateleza na kukimbia nje ukikaza, na mabaki yake yanayoingia ndani yanaziba filta. Safisha sumaku zilizo ndani ya sampo, na uzirudishe mahali pake. Bolti zote zianze kwa vidole, zizunguke kirahisi, ndipo uanze na spana, ukitokea katikati kwenda nje na kuvuka upande huu na huu, mzunguko wa kwanza nusu ya nguvu na wa pili namba kamili. Ikivuja baada ya hapo, fungua utafute sababu. Usikaze tena.

Na uzi ukishakufa, dawa yake ni kutoboa shimo kwa kipimo na kuingiza uzi mpya wa chuma, kazi ambayo fundi wa mashine anaifanya, na chembe za alumini zisiachwe zidondokee ndani. Silikoni si uzi. Bolti nene zaidi iliyolazimishwa nayo ni kupasua bodi tu.

Bolti za filta na za valvu bodi (kile kipande chenye valvu za kuelekeza oili), huko ndani, zina jambo lake: hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la valvu bodi, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali ilipotoka. Ndefu ikiingia kwenye shimo fupi inafika mwisho kabla ya kubana. Spana ya kipimo italia kama kawaida, wewe utaridhika, na kile kilichotakiwa kubanwa kimelegea. Za filta nyingi ni kama 10 au 11 Nm, bado ni kidogo. Mashimo yasiyotokeza upande wa pili yapulizwe kwa upepo kwanza, kwa sababu oili iliyobaki chini ya shimo haina pa kwenda bolti ikishuka, na alumini inaweza kupasuka. Usipake oili wala grisi kwenye nyuzi kama kitabu hakikusema. Bolti yenye mafuta inateleza zaidi, kwa hiyo kwa kipimo kile kile inavutika zaidi ya inavyotakiwa.

Bolti ya kumwagia oili usiikisie pia. Kuna Toyota ambayo ni 17 Nm na nyingine ni 49, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kama giaboksi imeteremshwa yote, hatari kubwa ipo pale inapokutana na injini. Konveta, lile duara zito linalopitisha nguvu ya injini kwa oili hadi kwenye giaboksi, lazima iwe imezama hadi mwisho ndani ya giaboksi kabla hujainyanyua. Unaizungusha huku unaisukuma, na unaisikia ikishuka kwa hatua, kwa kawaida mara tatu, ya mwisho ikiwa imeshika pampu. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa giaboksi, pima kina hadi kwenye uso wa konveta, ulinganishe na kitabu. Ikiwa haijazama, giaboksi haitakutana na injini kwa mkono, kutabaki uwazi. Hapo ndipo wengi huchukua bolti kubwa nne na kuanza kuvuta giaboksi kwa spana. Uwazi unafungika, ndiyo, lakini kilichoufunga ni pampu kupasuka. Gari likiwashwa halitembei mbele wala nyuma, au linatembea kidogo likiwa linalia. Giaboksi na injini vikutane kwa kusukumwa na mikono, vikae juu ya pini zake za kuelekeza, halafu bolti zifuate. Ikigoma, irudishe nyuma uangalie konveta.

Bolti zinazofunga konveta kwenye flaiwili, ile sahani inayozungushwa na injini, zitumie zile zile zilizotoka. Ndefu kidogo tu itasukuma uso wa konveta kwa ndani. Kwenye baadhi ya Toyota moja ina rangi tofauti na ndiyo inayotangulia, kisha unazungusha injini kwa mkono kuzifikia nyingine. Zianze zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja.

Baada ya kumaliza na kujaza oili, washa, pitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki, pima oili kwa joto linalotakiwa, na uangalie chini kwa tochi. Kesho yake asubuhi angalia tena, na tena baada ya safari fupi, kabla ya ile ndefu. Usipange kubadilisha oili ya giaboksi jioni ya kuamkia safari. Jipe angalau siku chache za kuendesha mjini. Usimruhusu mtu wa njiani "akukazie kidogo". Bolti iliyopotea tafuta ya aina ile ile, si yoyote inayoingia. Na ukienda kununua gari la mtumba, chuchumaa uangalie sampo la giaboksi: ukiona silikoni imefura pembeni na bolti moja haifanani na wenzake, muulize muuzaji ilifunguliwa lini na kwa nini, kabla hujatoa hata shilingi.