Picha za vijito vya Unguja na Pemba: anza na mng'aro

Vijito vyetu vingi ni vyembamba, vimefunikwa na miti, na maji yake huenda polepole. Ule mtindo wa kuacha shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) wazi sekunde tano mpaka maji yawe meupe kama tui haufai sana huku. Maji hayana kasi ya kutoa povu, na kinachovurugika ni majani yanayochezeshwa na upepo. Kinachoharibu picha hizi hasa ni mng'aro. Uso wa maji, majani mabichi na mizizi iliyorowa vyote hurudisha weupe wa mbingu, rangi ya kijani ikapauka.

Dawa yake ni filta ya polaraiza, kioo kinachochuja mng'aro. Ifunge mbele ya lenzi, izungushe taratibu huku unatazama kioo cha kamera, na utaona weupe unaondoka na majani yaliyozama yanajitokeza. Huwa na nguvu zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari, nyuzi 35 hadi 40 hivi kutoka usawa wa maji. Ukisimama darajani na kuelekeza kamera chini wima, utaizungusha bure. Wala usiufute mng'aro wote, kwani kijito kisicho na mwanga kabisa hugeuka shimo jeusi. Fika mwisho, kisha rudi nyuma kidogo mpaka mkondo uonekane tena. Mwenye simu aweke mbele ya lenzi kioo cha miwani ya jua ya polaraiza na akizungushe vivyo hivyo. Matokeo yake si haba.

Filta hiyo hupunguza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), na chini ya miti mikubwa kama ile ya Ngezi, kaskazini ya Pemba, mwanga wenyewe ni mchache. Kwa hiyo tripodi ni lazima. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, zima kituliza mtikisiko, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Maji yanayopita juu ya mzizi au gogo yanatosha kwa shata ya 1/4 hadi 1/2 ya sekunde: michirizi inaonekana, na umbo la maji linabaki. Kama pana mwanga mwingi, filta ya ND8, kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga mara nane, itakutoa kwenye 1/30 hadi 1/4. Usikimbilie f/22, yaani tundu dogo sana, kutafuta shata ndefu, maana picha hupoteza ukali.

Majani yakitikisika, piga mara mbili bila kuisogeza kamera: moja ISO 100 kwa 1/4, ya pili ISO 1600 kwa 1/60. Mwangaza ni uleule. Baadaye, kwenye programu ya kuhariri, chukua maji ya picha ya kwanza na majani ya picha ya pili.

Teremsha tripodi mpaka usawa wa goti, na mkondo uje upande wako. Tafuta kitu cha mbele, kama mzizi au kuti lililoangukia majini. Mbingu itoe nje ya fremu kabisa. Vitundu vyeupe kati ya matawi huvuta jicho kuliko kijito chenyewe. Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Jua la saa sita hupenya majani na kuacha madoa ambayo hakuna uhariri utakaoyaponya. Baada ya mvua kubwa ya masika maji huwa ya udongo, kwa hiyo yaache yatulie kwanza. Na vijitoni watu huoga na kufua: piga hodi kabla hujateremka, na kamera ibaki mfukoni mpaka ujibiwe.

Kwenye vijito vya mikoko saa huamuliwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kwa kivuli cha mikoko kinachoakisiwa majini, fika maji yanapokaribia kujaa. Husimama kwa muda mfupi, na uso wake hutulia upepo ukiwa mdogo. Kwa mizizi, njoo yakipwa. Hapa polaraiza ivue, la sivyo itakufutia kivuli kilichokuleta. Kwenye njia ya mbao ya mikoko ya Jozani, hatua ya mtu mmoja hutikisa tripodi, basi ngoja wapite na mbao zitulie ndipo ubonyeze.

Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi mara tu ikikutana na joto la msituni. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa. Ukirudi kutoka mikokoni, osha miguu ya tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye viungo, maana chumvi ikikaukia humo vifungio hukwama.