Kabla Hujalala Sinza

Mtu wa mkoani akija Dar kwa siku mbili tatu, jamaa zake humwambia alale Sinza. Sababu zipo: Mwenge na Mlimani City ni pua na mdomo, mwendokasi unaupata kituo cha Shekilango, na ukitaka nyama choma saa sita usiku huendi mbali. Shida ni kwamba mchoma nyama mwenyewe anaweza kuwa chini ya dirisha lako.

Udogo wa vyumba vya huku una historia yake. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja vile vilikusudiwa nyumba za kuishi. Leo kwenye kiwanja hichohicho imesimama hoteli ya ghorofa, na baa imebanana nayo ukuta kwa ukuta. Kitanda cha sita kwa sita kinameza chumba, inabaki njia ya kwenda bafuni kiubavuubavu. Njoo na begi dogo. Sanduku la magurudumu utakuwa unaliruka usiku kucha.

Sasa kelele. Ukipiga simu usiulize kama kuna kelele, maana jibu ni moja tu: "Hamna kaka, huku kumetulia." Uliza dirisha linatazama wapi, na kama jirani ana bendi usiku huo. Hata hapo usijiamini sana. Mimi niliwahi kuomba chumba cha nyuma, nikajiona mjanja, kumbe jukwaa lilikuwa hukohuko nyuma. Glasi ya maji juu ya meza ilitetemeka kwa besi hadi saa kumi. Muziki ulipozimwa nikavuta shuka, na haikuchukua muda ikaadhiniwa alfajiri. Tangu siku hiyo silipi kabla ya kupanda juu kufungua dirisha. Ukiona viti vya plastiki vimepangwa na spika mbili zimefunikwa turubai, shuka ngazi taratibu uage.

Kelele ndiyo inayofanya kiyoyozi kisiwe anasa. Utafunga dirisha, na ukishafunga, feni inazungusha joto lilelile. Kwa hiyo swali la umeme liulize kwa ukamilifu: ukikatika, jenereta inawasha na kiyoyozi, au taa na feni tu? Wengi watakujibu taa na feni.

Jingine watu huona haya kuliuliza: je, wanapokea wateja wa "short time"? Mwenye kupokea wa saa mojamoja simlaumu, ni biashara yake, ila milango itagongwa na kandambili zitaburuzwa koridoni mpaka kunakucha. Lipia usiku mmoja kwanza, mengine asubuhi. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2015, na baa wameshazifungia, lakini saa nane za usiku anayeweza kukuokoa ni dada wa mapokezi, akuhamishie chumba kingine.

Saa zenyewe nazo zina mtego. Siku ya gesti nyingi huisha saa nne asubuhi, uwe umeingia jioni au usiku wa manane. Basi likikushusha stendi ya Magufuli saa saba usiku, ukafika Sinza saa nane, umelipia masaa manane tu ya kulala. Na ukiweka nafasi mtandaoni, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi uandike Ijumaa. Ukiandika Jumamosi, utakuta chumba chako kinaanza mchana wake, na wewe uko mlangoni na begi.

Kitambulisho kiwe mkononi, kwani kuna daftari la wageni la kujaza: jina, utokako, uendako. Komeo la ndani lijaribu kabla muhudumu hajaondoka. Ukitoka kwenda kuburudika, beba hela ya usiku huo tu, na kurudi chukua gari au bajaji hadi getini hata kama ni mitaa miwili. Ufunguo uache mapokezi, hasa kama unakunywa.

Mwisho, pitia duka la dawa ununue vizibo vya masikio. Pamba ya kawaida haifui dafu mbele ya singeli.